Maandishi ya mawe ya Wagiriki: matini ya intaneti na jiwe lenyewe

Kwa muda mrefu, aliyetaka kuchunguza maandishi ya Wagiriki wa kale yaliyochongwa kwenye mawe alihitaji kuwa karibu na maktaba kubwa, kwa kuwa majuzuu ya Inscriptiones Graecae, mkusanyiko mkuu wa maandishi hayo, yanayotolewa Berlin, ni mengi, ni ghali, na maelezo yake ni ya Kilatini. Leo hazina ya Packard Humanities Institute inampa yeyote mwenye intaneti maelfu ya matini bila malipo, nayo Attic Inscriptions Online inaongeza tafsiri za Kiingereza. Manufaa hayo ni makubwa, na anayeyabeza hajui adha ya kuzikosa juzuu hizo.

Hata hivyo, hoja ya wanaotahadharisha kwamba matini ya intaneti si sawa na jiwe lenyewe ina uzito. Kwa kanuni za Leiden za mwaka 1931, ambazo wahariri wa maandishi ya kale huzifuata, herufi zilizopotea ambazo mhariri amezirejesha huwekwa ndani ya mabano ya mraba, na herufi isiyo na hakika huwekewa nukta chini yake. Anayetafuta neno kwa kompyuta huletewa yote pamoja, yaliyochongwa na yaliyokisiwa, na asipoyachuja anaweza kuthibitisha mazoea ya lugha kwa makisio yaliyotokana na mazoea yaleyale.

Mkataba wa Athens na Egesta, mji wa Sicily, unaonyesha uzito wa jambo hili. Jiwe limechakaa, na katika jina la arkoni, kiongozi ambaye mwaka ulitajwa kwa jina lake, herufi za mwisho tu ndizo zilizosomeka bila ubishi. Wengi walisoma Habron, yaani 458/7 K.K., wakiamini kwamba sigma (herufi ya sauti 's') ya mistari mitatu, iliyomo kwenye jiwe hilo, iliachwa miaka ya 440 K.K. Mwanahistoria Harold Mattingly alishikilia Antiphon, 418/7 K.K., miaka michache tu kabla ya Athens kuivamia Sicily. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, mwanahistoria Mortimer Chambers na wenzake walilichunguza jiwe kwa leza na picha za kompyuta, wakasoma Antiphon, na wengi sasa wanakubali.

Kwa maoni yangu, mfano huu hauipingi teknolojia. Kilicholeta mabadiliko ni kuielekeza kwenye jiwe badala ya matini iliyokwisha kuhaririwa. Ndiyo maana nazithamini zaidi hazina zinazoweka picha kando ya matini, zikiwemo picha za nakala za karatasi, ambayo huloweshwa, ikapigwa kwa brashi juu ya jiwe hadi ishike umbo la kila herufi. Hapo msomaji aliye mbali na Athens anaweza kumpinga mhariri kwa ushahidi.