Jiko dogo la safari linapika, tusiligeuze birika

Watu wengi wanaobeba jiko dogo la gesi katika safari za miguu hulitumia kwa kazi moja tu: kuchemsha maji ya kumwagia chakula cha paketi. Sina ugomvi na paketi usiku wa mvua, lakini naamini kwa dhati kwamba mtu aliyetembea kutwa na mzigo mgongoni anastahili chakula kilichopikwa, na kwamba jiko lenye uzito usiofika hata gramu 100 linaweza kukipika, mradi mpishi alielewe.

Tatizo kubwa ni moto wenyewe. Kichwa cha majiko haya ni kidogo, hivyo mwali hupiga katikati ya sufuria, na sufuria nyembamba ya titani haisambazi joto vizuri. Hapo ndipo wali unaposhika chini na kutoa harufu ya kuungua huku punje za juu zikiwa bado na kiini kigumu. Ndiyo maana mimi hubeba sufuria ya alumini, ingawa inaniongezea gramu kadhaa, na kabla ya kununua jiko huangalia kwanza kama moto wake unashuka hadi mwali mdogo wa buluu unaotulia bila kuzimika. Watengenezaji hupenda kutangaza dakika zinazotosha kuchemsha lita moja ya maji, jambo ambalo kwa mpishi lina uzito mdogo sana.

Chakula ninachokitegemea zaidi ni dengu nyekundu zilizokobolewa. Huziloweka tangu mchana katika chupa yenye mdomo mpana, kisha jioni hukaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, nikiishika sufuria kwa mpini na kuizungusha juu ya mwali ili joto lifike pande zote, hadi kitunguu kilainike na kuanza kubadilika rangi. Nikishatia kitunguu saumu, bizari, dengu na maji, huacha vitokote kwa dakika tano hivi, nikazima jiko, nikafunika sufuria na kuitia ndani ya mfuko wa sponji wenye karatasi ya alumini kwa ndani. Baada ya dakika 20 hivi nikifunua, dengu zimepasuka na kuwa rojo zito, bila gesi ya ziada.

Maharage makavu ni habari nyingine. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi joto 90 hivi, si 100, na kila kitu huchelewa kuiva. Nayapika nyumbani, nayakausha, na huko safarini nayarudishia maji tu.

Baridi nayo huwavunja wengi moyo, maana jiko lililowaka vizuri jioni hufifia alfajiri. Sababu imo katika gesi zilizochanganywa ndani ya mtungi: butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, isobutani huendelea hadi karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa safari za baridi nachagua mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiku nalala na mtungi ndani ya mfuko wangu wa kulalia.

Kwa kuwa anayepika hukaa na moto muda mrefu kuliko anayechemsha maji, hatari nazo humkabili kwa muda mrefu zaidi. Kuuzungushia mtungi kizuia upepo pande zote, pale jiko linapokaa juu yake, hurudisha joto kwenye gesi na kunaweza kuulipua. Kizuizi kikae upande unakotoka upepo tu, na mtungi uguswe mara kwa mara kwa mkono kuhakikisha haujapata moto. Ndani ya hema sipiki kabisa, hata mvua inyeshe, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotolewa na moto wa jiko, haina harufu wala rangi, na jioni ya namna hiyo ndipo nami naifungua paketi, nikachemsha maji yake nje.