Nia ovu mahakamani: chuki si lazima, wala haitoshi

Mwaka 1957 mahakama ya rufani ya Uingereza ilitengua hatia ya Cunningham ya kuhatarisha maisha kwa nia ovu. Alikuwa ameng'oa mita ya gesi ukutani ili aibe fedha zilizomo. Gesi ikavuja, ikapenya hadi nyumba ya pili na kuhatarisha maisha ya mwanamke mmoja. Jaji wa awali alilieleza jopo la raia wanaoamua hatia kwamba nia ovu ni uovu tu. Sivyo, ikasema mahakama ya juu: lazima ithibitishwe kwamba mshtakiwa alikusudia madhara ya aina ile, au aliona yanaweza kutokea na bado akaendelea. Kuthibitisha wizi peke yake hakukutosha.

Katika jinai, basi, chuki na kisasi husaidia kama ushahidi, lakini si sehemu ya kosa. Anayemuua mgonjwa kwa huruma ana nia ovu kisheria. Anayemchukia jirani yake kupita kiasi, kisha akamgonga kwa ajali asiyoweza kuizuia, hana.

Ubishi mkali uko kwenye mauaji. Uingereza, Kenya na Tanzania zote zinakubali kwamba nia ya kusababisha madhara makubwa ya mwili inatosha, hata kama mshtakiwa hakutaka mtu afe. Watetezi wana hoja nzito: aliyemkata mwenzake panga la kichwa hawezi kusikilizwa akidai alitaka kumlemaza tu. Wapinzani nao wanauliza kuhusu aliyedhamiria kuvunja mguu, majeruhi akafa kwa kuvuja damu: kwa nini aitwe muuaji wa kukusudia kwa kifo ambacho hakukiwaza? Kwa maoni yangu, kwenye mguu wapinzani wako sahihi, na sheria ingepaswa kudai angalau kwamba mshtakiwa alijua kifo kinaweza kutokea.

Kwa vile hakuna anayeona moyoni mwa mtu, nia husomwa kwenye matendo. Kesi ya Tubere, iliyoamuliwa na mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1945, inaelekeza kutazama silaha, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyojeruhiwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla, wakati na baada ya tukio. Hapa ndipo kesi nyingi hulegea: shahidi anasema "alimchoma kisu", lakini ripoti ya daktari haitaji kina cha jeraha wala mahali lilipo.

Kwenye madai mambo hugeuka. Mwaka 1895 mabwana wa sheria wa Uingereza, majaji wa mahakama yake ya juu kabisa wakati huo, waliamua kwamba Pickles, aliyezuia maji yaliyopita chini ya ardhi yake ili jiji la Bradford linunue ardhi yake, hakukosa: nia mbaya haiharamishi tendo halali. Lakini mwaka 1936, Emmett aliyefyatua bunduki mpakani ili mbweha wa jirani wasizaane alizuiwa na kutozwa fidia. Kelele hupimwa kwa kiasi chake, na kusudi la anayezipiga linaingia kwenye kipimo hicho. Maji ya Pickles hayakuwa na kipimo: ama ana haki, ama hana. Baadhi ya wanasheria huona hapo mkanganyiko. Mimi naona tofauti ya haki zenyewe.

Wadai huumia zaidi kwenye mashtaka ya nia mbaya. Mtu ameachiwa huru, anakimbilia fidia kwa aliyemshtaki. Anatakiwa kuthibitisha mambo manne: mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, yaliisha kwa faida ya mdai, hayakuwa na sababu za msingi, na yalisukumwa na lengo lisilo la kutafuta haki. Kuachiwa kwa ushahidi hafifu kunathibitisha la pili tu. Mlalamikaji aliyekuchukia lakini akawa na sababu za msingi za kukushuku hakulipi kitu. Huo ni uchungu kwa aliyekaa rumande bure, lakini bila kizingiti hicho waliotendewa uhalifu na watu wanaogombana nao wangeogopa kwenda polisi.

Kashfa inafanana. Mwenye kinga, yaani anayelindwa na sheria asilipe fidia kwa aliyoyasema, kwa mfano mwajiri anayetoa taarifa kuhusu mfanyakazi wake wa zamani, huipoteza akithibitika kusema asichokiamini, au kuitumia hasa kwa kumkomoa mtu. Marekani, tangu kesi ya gazeti la New York Times na Sullivan ya mwaka 1964, afisa wa umma anayedai fidia lazima aonyeshe kwamba mchapishaji alijua habari ni ya uongo au hakujali kama ni kweli. Kwa hiyo rasimu za habari na barua za ndani za chombo cha habari humfaa mdai kuliko mashahidi wa ugomvi wa zamani.