Semina ya Utafiti Isigeuzwe Hafla ya Uzinduzi

Taasisi za utafiti wa sera hupenda kuhesabu semina zao. Ripoti ya mwaka hueleza ni vikao vingapi vilifanyika, ni washiriki wangapi walihudhuria na ni kiongozi gani aliyefungua kila kikao. Ni nadra sana kuona ikihesabiwa idadi ya tafiti zilizorekebishwa, zilizocheleweshwa au zilizoachwa kabisa kwa sababu ya swali lililoulizwa ukumbini. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo chenye maana zaidi, kwa kuwa semina ya utafiti imewekwa ili hoja ijaribiwe kabla haijamfikia mtu mwenye mamlaka ya kuitekeleza.

Hasara ya kuipuuza hatua hiyo ilionekana wazi mwaka 2010, pale Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye sifa kubwa na waliostahili sifa hiyo, walipochapisha makala fupi kuhusu deni la umma na ukuaji wa uchumi. Walichambua takwimu za nchi 20 zilizoendelea, kuanzia mwaka 1946 hadi 2009, wakaeleza kwamba deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, wastani wa ukuaji wa uchumi huporomoka hadi chini ya sifuri, yaani hasi asilimia 0.1. Makala hiyo ilitoka katika toleo la American Economic Review linalokusanya mada za mkutano wa mwaka, ambazo hazipitii uhakiki kamili wa kawaida wa jarida hilo. Ilikuja wakati serikali nyingi zikibishana kuhusu kubana matumizi, na ilikuwa na namba moja rahisi kukumbukwa. Olli Rehn, wakati huo kamishna wa uchumi wa Umoja wa Ulaya, aliitumia katika hoja zake, na bajeti iliyopendekezwa na Paul Ryan katika Bunge la Marekani iliinukuu.

Aliyeipima kwa kina alikuwa mwanafunzi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kuyarudia makokotoo hayo kama zoezi la darasani, akashindwa kupata majibu yale yale, hivyo akawaomba waandishi jedwali lao la kompyuta. Walimpa, na kwa hilo wanastahili heshima. Fomula ya wastani ilikuwa imeziruka nchi tano za mwanzo katika orodha ya alfabeti: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipokokotoa upya walipata ukuaji wa asilimia 2.2 badala ya ile hasi asilimia 0.1. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, wakakataa lawama nyingine, na wakashikilia kwamba deni kubwa bado linaambatana na ukuaji mdogo. Ubishi huo haujaisha.

Vyombo vya habari viliishikilia fomula kwa sababu inachekesha, ingawa mchango wake peke yake ulikuwa mdogo. Jambo zito zaidi lilikuwa namna wastani ulivyopatikana. New Zealand, iliyohesabiwa katika kundi la madeni makubwa kwa mwaka mmoja tu, 1951, ambapo uchumi wake ulihesabiwa kushuka kwa asilimia 7.6, ilipewa uzito sawa na Uingereza, iliyokuwa na miaka 19 katika kundi hilohilo. Hakuna aliyehitaji kufungua jedwali ili kuliibua suala hilo. Ilitosha mshiriki mmoja aliyekuja ameisoma makala anyooshe mkono na kuuliza: wastani huu umepatikanaje, na kila nchi imechangia miaka mingapi?

Neno zito hapo ni kusoma. Katika warsha ya fedha na benki ya mchumi Milton Friedman, Chuo Kikuu cha Chicago, andiko lilisambazwa mapema na mwandishi hakupewa nafasi ya kulisoma upya mbele ya watu; majadiliano yalikwenda ukurasa kwa ukurasa. Mtu anaweza kuzikataa sera za Friedman zote na bado akautamani utaratibu huo. Linganisha na semina ambazo mtoa mada hula muda mwingi kwa slaidi, mchokoza mada, yaani anayepangwa kulijadili andiko kwanza, hutumia dakika zake kupongeza, na mwenyekiti hukusanya maswali matano kwa mkupuo ili mtafiti ajibu lile analolipenda.

Kuna wanaoogopa kwamba ukali utawavunja moyo watafiti wachanga, na hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa mchumi Pascaline Dupas na wenzake kuhusu semina za uchumi ulionyesha kwamba wanawake huulizwa maswali mengi kuliko wanaume, na kwamba mengi zaidi kati ya hayo huwa ya kudharau au ya chuki. Dawa ni mwenyekiti anayejua kutofautisha swali linalolenga takwimu na swali linalomlenga mtu, kisha akalizima hilo la pili. Kuufanya ukumbi mzima uwe mpole hakumsaidii mtafiti ambaye andiko lake litavunjwa hadharani baadaye.

Upande wa takwimu, mfano mzuri ni wa wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, waliochunguza dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Walizitoa data zao kwa watafiti wengine, ambao mwaka 2015 walichapisha uchambuzi mpya ulioonyesha makosa ya ukokotoaji, hasa katika makadirio ya manufaa yaliyofika shule za mbali zaidi. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, lakini kila upande ulijua unabishana kuhusu namba zipi.

Kwa hiyo ninachozitaka taasisi hizi zifanye si kigumu. Andiko litumwe wiki moja kabla, pamoja na data pale sheria ya faragha inaporuhusu. Muhtasari wa sera usichapishwe siku ya semina, kwa sababu ukishachapishwa maswali yote huwa yamechelewa. Mfadhili wa utafiti akaribishwe kama msikilizaji, asipangwe kuwa mchokoza mada. Na toleo la mwisho la utafiti libebe ukurasa mmoja unaoeleza maswali yaliyoulizwa, yaliyobadilishwa kutokana nayo, na yale ambayo mtafiti ameyakataa na sababu zake.