Siku Niliyoliamuru Daladala Lipae

Kwa kuwa rafiki yangu aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa ameshawatangazia wengi wenu kwamba nilipandisha mashetani katika daladala la Makumbusho, naona heri niisimulie habari hii mwenyewe, maadamu utosi bado unauma. Sikupandisha chochote. Nilikuwa nafuata sayansi.

Mnajua kwamba tangu mwezi uliopita najifunza kuota huku nikijua kuwa naota. Njia niliyoichagua inamtaka mtu aamke baada ya kulala kwa saa 5 hivi, akae macho kidogo, kisha arudi kulala akiwa amekusudia kujitambua ndotoni. Nimefanikiwa mara moja tu: nilijikuta nikifanya mtihani wa darasa la saba bila suruali, nikatambua kuwa ni ndoto, nikafurahi kupita kiasi, na furaha yenyewe ikaniamsha. Zaidi ya hapo, nilichovuna ni kusinzia mchana popote ninapoketi.

Basi, asubuhi hiyo nilizinduka garini kwa kuguswa bega. Konda alikuwa ameninyooshea shilingi 300, akisema, “Chenji yako, anko. Samahani, nimekuchelewesha.” Ninyi mnaopanda daladala kila siku, niambieni kwa haki: mngesadiki kuwa mko macho? Hata hivyo sikukurupuka, kwa maana kuna jaribio. Maandishi ya ndotoni hayatulii. Ukiyasoma, ukageuka, ukayasoma tena, mara nyingi utayakuta yamebadilika. Nikakitazama kibao cha njia pale kiooni: Tandika. Nikageukia dirishani, nikahesabu hadi tatu, nikatazama tena: Makumbusho. (Kwamba tulikuwa tunakaribia mwisho wa safari na dereva alikuwa amekigeuza tayari kwa kurudi, hilo lilinijia baadaye, nikiwa nimeshika kichwa.)

Yaliyofuata yalikwenda polepole mno. Nilikumbuka kwamba mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimpima Alan Worsley, mtu aliyeweza kujitambua ndotoni, akiwa usingizini. Na kwa kuwa katika usingizi wa ndoto mwili hulegea lakini macho huendelea kucheza, Worsley alitoa ishara kwamba anajua anaota kwa kuyapeleka macho yake kushoto na kulia. Nami nikayapeleka yangu: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mama aliyeketi akinielekea akavuta kikapu chake kifuani, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Nikamtabasamia kwa huruma, kama anavyostahili mtu asiyejua kuwa yeye yumo tu katika ndoto ya mwenzake. Kisha nikainuka nikiwa nimepinda mgongo, nikatandaza mikono kama mbawa, mmoja ukapita juu ya upara wa mzee wa watu, na kwa sauti ya mkuu wa gwaride nikaamuru: “Gari, paa!”

Dereva akapunguza redio. Konda akanitazama kwa upole uleule wa mwanzo.

“Anko, kupaa kuna nauli yake.”

Nikaona nitangulie mwenyewe. Nikaruka. Gari lilikuwa Hiace, wapendwa, na badala ya kupaa nikalikuta paa.

Nilimwomba radhi mama, nikamwomba radhi mzee, nikashuka kituo kisicho changu. Sarafu zilikuwa zimenitoka mkononi wakati wa kutandaza mbawa. Nikiwa pale chini nilimwona konda akiziokota moja moja, akazitia mfukoni mwake, akagonga bodi, gari likaondoka. Hapo ndipo nilipoamini kabisa kwamba nilikuwa macho.