Kibirika Changu Hakifiki Mia

Nilitaka kitu kidogo tu. Hilo lieleweke kabla hamjaanza kumhurumia mke wangu. Sikuomba friji wala runinga ya ukutani. Nilitaka kibirika cha umeme cha stili, cha vikombe vitatu vinne, kwa sababu huu upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita hauna adabu. Saa kumi na moja alfajiri unapiga mluzi dirishani, unapenya chini ya mlango na vumbi lake, unakukuta umejikunja kama jongoo. Mimi nimekulia Dar, nimeletwa huku pamoja na mafaili ya wizara, na mpaka leo sijapata blanketi la kubishana nao.

"Si kuna gesi?" mtasema. Gesi ni ya maharage. Hiyo ni sheria ya Mama Neema na haina rufaa. Anadai tangu tuhamie huku maharage yamekuwa mabishi. Yaleyale ya njano tuliyokuwa tukila Dar, hapa yanatokota mpaka mtungi unaishiwa pumzi na bado yanakukodolea macho. Kwa hiyo mtungi hauguswi kwa ajili ya chai ya mtu mmoja. Na mkaa, mpaka jiko likolee, gari la kutupeleka kazini Mtumba limeshaondoka.

Basi Jumamosi nikaenda Majengo.

Kwanza hata jina la hicho kitu watu hatujakubaliana. Kwangu ni birika, kwa jirani ni jagi la umeme, muuzaji wa kwanza akasema "Keto hizo hapo, mkuu," na wa pili nilipomwambia keto akaniletea hita, ile ya koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Halafu kila ninayemwambia nataka dogo ananitazama kana kwamba nina msiba nyumbani na nimekuja kununua robo kilo ya mchele. La lita mbili, shilingi 15,000. La lita moja, 35,000. Nikauliza mara mbili. Nusu ya maji, bei mara mbili na ushei!

"Hilo dogo ni stili tupu, mzee."

Nilikuwa nimejiandaa. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio, maana fundi mmoja wa mtaani kwetu aliniambia stili halisi hainasi sumaku. Nikaigusisha kwenye birika la kwanza, ikanasa. Nikamtazama muuzaji kwa jicho la trafiki. La pili haikunasa, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Nilikuja kujua baadaye kwamba ipo stili nzuri tu inayonasa na ipo ya hovyo isiyonasa. Kinachoizuia kushika kutu ni kromiamu iliyochanganywa humo, nayo haipimwi kwa kipande cha spika. Lakini pale dukani ile sumaku ilinipa heshima. Mama mmoja aliniletea sufuria zake nimpimie.

Jambo moja sikukosea. La bei poa kuliko yote lilikuwa na plagi ya miguu miwili. Kijana akasema, "Hiyo unachomeka kijiti cha kiberiti kwenye lile tundu la juu, mzee, inaingia." Nikasema hapana. Birika la chuma lenye plagi ya miguu miwili halina waya wa ethi, ule wa kuupeleka umeme ardhini, umeme ukivuja unamtafuta aliyelishika. Shemeji yangu analo la hivyo, akimimina chai analishika kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Anasema linatekenya.

Mwishowe nikanasa mimi mwenyewe kwenye kimoja chenye saa ya joto tumboni, mshale na namba mpaka 100. Lita moja, wati 1,500, miguu mitatu, shilingi 28,000 baada ya mapatano ambayo kwa muda ule ungechinja mbuzi na kumchoma. Garantii? "Ipo, mkuu. Hapa hapa dukani." Yaani ukivuka barabara imekwisha.

Jioni nikajaza maji, nikabonyeza, kitaa chekundu kikawaka, familia nzima imesimama kuzunguka meza. Mshale ukapanda: 40, 60, 80. Nikaanza kuzitaja namba kwa sauti. 90. 95. Hapo ukachoka. 96. Tak! Kikajizima.

"Kimechemka," akasema Mama Neema.

"Hakijachemka. Mia iko wapi?"

Nikabonyeza tena. 96, tak. Yaani nimelipia mia nzima napewa 96, na nne zimebaki kwa nani? Nikafungua mfuniko nichungulie kinachozuia, nikabonyeza, na safari hii kikakataa kabisa kujizima. Maji yanaruka, mvuke umejaa sebule, dari inatoka jasho, mshale uko palepale 96, na mita ya umeme ya LUKU ukutani ikaanza kulia: pii, pii, pii. Mama Neema hakusema neno. Alichomoa plagi, akaenda kusoma uniti zilizobaki, akarudi akanitazama vilevile anavyoyatazama maharage.

Jumatatu nikarudi dukani. Kijana hakubisha, akachemsha kingine cha aina ileile. 96. Cha tatu, 96 kasoro. Watu wakajaa. Mmoja akasema mzigo mzima mbovu, mwingine akasema umeme wa leo mdogo. Babu mmoja wa Kigogo aliyekuja kununua kamba akatoa salamu, "Mbukwenyi," akasimama kidogo, akauliza, "Mnachemsha chai?" Hakuna aliyemjibu, akaenda zake na kamba yake. Nadhani yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili timamu mle ndani.

Jibu lilikuwa nyumbani kwangu limevaa sare ya shule.

"Baba," Neema akasema bila kuinua macho kwenye daftari, "Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka mapema kwa nyuzi moja. Huku yanachemkia kwenye 96. Hayafiki mia hata uyachemshe mpaka Pasaka."

"Na mbona kilikataa kuzima?"

"Si ulifungua mfuniko? Kinazimwa na mvuke. Unapita kwenye kitundu, unapasha kibati cha metali mbili, moja inatanuka kuliko mwenzake, kinapinda, kinasukuma swichi. Wewe mvuke wote ukaupeleka darini."

Jikoni mama yake akapiga kofi. "Kumbe ndiyo maana maharage!" Maharage yakasamehewa siku hiyohiyo. Mimi kesi yangu bado inasikilizwa.

Sasa sikatai, kibirika kinafanya kazi. Nusu lita ni dakika mbili, na uniti moja inachemsha lita kumi hivi, hapo sina neno. Neno langu ni maji yenyewe. Maji yetu ya visima yana chumvi ya kutosha kuungia mlenda. Wiki ya tatu ndani kumeota ukoko mweupe, stili yangu ya 28,000 imekuwa kama ukuta uliopigwa chokaa, na kusema kweli ni chokaa. Dawa ni kukamulia ndimu mbili, uchemshe, uache kwa muda, ukoko unabanduka. Ila ndimu nazo siku hizi naziomba kwa barua.

Halafu kuna hii treni. Zamani mkwe akitoka Dar, ulikuwa na siku nzima ya basi ya kujipanga. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ni saa tatu na ushei tu, mtu anakunywa maji kwake Dar na chai anainywea kwako. Jumapili mama mkwe akashuka na shangazi wawili, watoto wanne na mfuko wa nazi. Wageni saba, wenyeji watatu, kibirika cha lita moja, na gesi ilikata Ijumaa, mnajua kwa sababu ya nani.

Nikachemsha kwa awamu. Awamu ya kwanza wakubwa, ya pili watoto, ya tatu sisi, na kabla ya ya tatu haijaiva shangazi mmoja alishamaliza na anasukuma kikombe mbele kidogo kidogo, kama mtu asiye na haraka. Mama mkwe alikuwa amekaa jirani kabisa na meza. Alipiga funda moja, akainama kukitazama kibirika, akatoa miwani kwenye mkoba, akausoma ule mshale, akausoma tena.

"Baba Neema, mwanangu. Haya maji yamechemka kweli?"

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia mara mbili. "Kwa Dodoma, yamechemka."