Mashine haitoi mbasela

Duka lililo chini ya nyumba yangu hapa Liège, Ubelgiji, limebaki karibu bila wahudumu. Nachukua mkate, naupitisha kwenye mashine, inalia "bip", nalipa kwa kadi, nimetoka. Dakika mbili. Mlangoni nakumbuka kwamba tangu asubuhi sijafungua kinywa.

Kwenye soko la mtaa wa Kenya, kwetu Lubumbashi, Kongo, matembele hayanunuliwi hivyo. Unasalimia kwanza. Unatajiwa bei, unashtuka hata kama haikukushtua, na mama naye anashtuka kwa kuwa umeshtuka. "Na batoto yangu batakula nini?" Mnavutana, mnacheka, anapunguza. Hela ikishatoka mkononi ndipo unadai mbasela, naye anakuongezea majani kidogo huku akilalamika kwamba umemfilisi. Mbasela haiko kwenye bei. Inatoka kwa sababu mmesumbuana, ndiyo maana mashine haina ya kunipa: sijawahi kuichosha.

Mwalimu wetu wa fizikia alisema msuguano unakula nguvu, kisha akasema bila huo hakuna ambaye angetembea, unyayo ungeteleza tu. Nilikariri kwa ajili ya mtihani. Nimekuja kumwelewa huku.

Nilipomweleza yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, haya kwa simu, alinikata: "Unasifu taabu kwa sababu uliiacha. Rudi basi ubebe bidoni." Ana haki. Bidoni la maji la lita 20 ni kilo 20 kichwani, na msichana anayeamka alfajiri kulifuata hapati urafiki wowote pale, anapata shingo inayouma. Karani anayekuambia "rudi kesho" mpaka umpe kitu, huyo ni mwizi aliyekaa kwenye kiti. Sitaki kurudishiwa hayo, na anayeyaita utamaduni wetu mara nyingi ana tangi la maji uani kwake.

Ninachokosa ni kidogo zaidi. Umeme ukikatika, mmoja anatangulia kuwasha mbabula, jiko la makaa, na jirani anakuja na kipande cha bati kuomba kaa la moto. Haji kwa mapenzi, anakuja kwa sababu moto wake haujashika. Lakini akishafika anaulizwa habari za mtoto mgonjwa.

Hapa niliishi miaka miwili jirani na bibi mmoja wa mlango wa pili bila kujua jina lake. Kisha lifti ikaharibika, wiki tatu nzima. Nikambebea mifuko yake mpaka ghorofa ya nne, tukawa tunapumzika ya pili, yeye ameshika chuma cha ngazi, mimi nimeketi juu ya viazi vyake. Hapo nikajua kwamba mumewe alikuwa mchimba makaa ya mawe, na kwamba hapendi kuitwa "madame". Lifti ilipotengenezwa nilifurahi, sitadanganya. Sasa tunapungiana mkono.

Jumapili iliyopita nilikwenda La Batte, soko la kando ya mto Meuse. Nilinunua kilo mbili za nyanya, nikalipa, halafu sikuondoka. Muuzaji akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwetu mteja akishalipa huongezewa. Akaguna kwamba hapa si kwetu. Nikasimama. Nyuma yangu watu walianza kukohoa. Akachukua nyanya mbili zilizopondeka kidogo, akanirushia moja moja, na ya pili nusura iniponyoke.

Nilizila zote kabla sijavuka daraja.