Ukisimama bila egemeo, uvute triga bunduki ikicheza au usubiri itulie?

Huu ubishi kwa watu wa shabaha hauishi, kila anayekuja renji, uwanja wa kupigia shabaha, anakuja na msimamo wake. Umesimama, hakuna mfuko wa mchanga, hakuna mti, ni wewe na bunduki tu, na ile nukta ya kulengea inatembea juu ya shabaha kama nzi aliyekosa pa kutua. Wengine watakwambia anza kuvuta triga taratibu hivohivo inavyocheza, mlio wenyewe ukushtukize. Wengine wanasema hapana, subiri nukta itulie au ipite katikati, ndo uvute fasta uikamate hiyo nafasi. Nimejaribu njia zote mbili kwa muda mrefu na nina upande wangu, ila huu upande wa pili una hoja ambazo watu wanazidharau bure.

Kwanza tukubaliane, bunduki ya mtu aliyesimama haitulii. Moyo unadunda, kifua kinapanda na kushuka, misuli ya miguu na mgongo inarekebisha muda wote ili usianguke, na vyote hivyo vinafika mpaka kwenye mtutu. Sasa piga hesabu, bunduki ya urefu wa mita 1 kutoka kitako mpaka mdomo wa mtutu, kitako kikabaki palepale begani halafu mdomo ukasogea milimita 1 tu, kwenye mita 50 risasi imehama milimita 50. Milimita moja! Ndo maana kwenye baiathloni, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kupiga shabaha za mita 50, ukilala unalenga duara la milimita 45 lakini ukisimama unapewa la milimita 115. Waliotunga sheria walijua kusimama ni mchezo mwingine kabisa.

Wanaosema subiri itulie wanaanzia hapo. Wanasema mtikisiko haufanani muda wote, una mawimbi, kuna sekunde nukta inazunguka hovyo na kuna sekunde mbili tatu inapunguza mwendo na kuning'inia karibu na katikati, kwa nini upoteze risasi nje ya huo muda? Na wana ushahidi. Angalia bunduki ya upepo ya mita 10 kwenye Olimpiki, yote inapigwa kwa kusimama, risasi 60 za mchujo, na kile kinukta cha katikati cha alama kumi kina upana wa nusu milimita, kidogo kuliko risasi yenyewe ambayo ni milimita 4.5. Wale watu wanakipata mfululizo. Wanavaa jaketi gumu kweli, na mkono wa mbele wanauegemeza nyongani au ubavuni ili mifupa ndo ibebe uzito misuli ipumzike, lakini hata hivyo wanachagua sekunde, na wakiona haiji wanaishusha bunduki wanaanza upya.

Tatizo ni mtu wa kawaida anapoiga hiyo. Jicho likiona nukta iko katikati, mpaka kidole kitii inapita kama sekunde 0.2, na kwa mtu ambaye mtikisiko wake bado mkubwa nukta imeshaondoka zamani. Baya zaidi ni kidole chenyewe, manake ukiwa na haraka ya kukamata ile nafasi huvuti triga, unaikwapua, na mkono mzima unakaza nayo. Usinibishie kwa mdomo, fanya hivi: mwenzako akujazie magazini huku akichanganya risasi halisi na za bandia bila wewe kuona mpangilio, halafu upige. Ukifika kwenye ya bandia hakuna mlio wala teke la kuficha kosa, utauona mtutu ukichovya chini kama mtu aliyesinzia kwenye kiti. Mimi nilipofanyiwa nilibaki naangalia ule mtutu siamini, miezi yote nilikuwa nalaumu mtikisiko kumbe mtikisiko ulikuwa unanikosesha kidogo tu, kilichonimaliza ni kidole.

Kwa hiyo kwa anayejifunza mimi nasimama na wale wa kuvuta ikiwa inacheza. Acha nukta itembee ndani ya eneo lake, ongeza uzito kwenye triga kidogokidogo, na risasi itaangukia humohumo ndani ya eneo, mara nyingi karibu na katikati kuliko ulivyotegemea. Ila na hawa wana kosa lao na hawalisemi. Ukiambiwa vuta taratibu unaweza kuvuta milele. Umezuia pumzi, sekunde ya nane, ya kumi, macho yanaanza kufifia, mikono inatetemeka kuliko ulivyoanza, na bado unavuta kwa ubishi. Hapo hamna uvumilivu wowote, umeshachelewa, shusha bunduki upumue.

Kidole kinaweza kumgeuka hata bingwa. Beijing 2008, fainali ya mita 50 mikao mitatu (magoti, kulala na kusimama), Matthew Emmons wa Marekani aliingia risasi ya mwisho akiongoza, amesimama, akawa anaishusha bunduki kuelekea katikati ya shabaha na kidole kikagusa triga kabla ya wakati. Akapata alama 4.4, dhahabu ikaenda, akamaliza wa nne. Mtikisiko wake ulikuwa mdogo kuliko wangu mara mia, na bado sehemu ya hatari ilikuwa ileile.

Pale ninapowakubalia kabisa wale wa kukamata ni hukohuko kwenye baiathloni. Mtu kafika anahema, moyo unakimbia, ana risasi tano na saa inatembea, hana nafasi ya kungoja mlio umshtukize. Anaizoea njia ya nukta yake mpaka kidole kinaanza kabla haijafika, ile sekunde 0.2 anakuwa ameshailipa mapema. Lakini huyo kafyatua bila risasi maelfu ya mara, kahakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulipuka, iko tupu mara mbili, akaangalia ukutani nukta inaenda wapi kila triga inapoachia. Ukifyatua hivyo na nukta haijaruka hata kidogo, mara ishirini mfululizo, njoo sasa tuongelee kukamata.